Bakuli la Maastricht na Uso wa Nargis

Katika soko la Matrah, Maskati, huuzwa mabakuli ya kauri yenye maua mekundu na ya kijani, ambayo chini yake pana muhuri wa kiwanda cha Maastricht, Uholanzi. Mabakuli ya namna hii yalifika Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki tangu karne ya 19, na katika nyumba za Unguja na Lamu yalipangwa kwenye zidaka ili yatazamwe zaidi kuliko kuliwa ndani yake. Mzanzibari aishiye Maskati akiliona moja dukani, moyo humruka: ni kama lile la bibi. Hulinunua, na pengine huliweka sebuleni chini ya picha ya Nargis, kwa kuwa vyote viwili humrudisha mahali pamoja.

Lakini mapenzi haya mawili, ingawa hukaa ukuta mmoja, hayana hukumu moja.

Uso wa Nargis haujamnyima mtu chochote. Filamu ya Awaara, aliyoiongoza Raj Kapoor mwaka 1951 na kuigiza mwenyewe, ilipendwa mno Unguja, hata na watu wasiojua neno la Kihindi. Yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, na mabibi waliotoka na mabuibui yao walirudi nyumbani wakiimba nyimbo ambazo maneno yake waliyabahatisha. (Viti navyo vilikuwa na madaraja, wasimuliaji wa zamani nzuri hulisahau hilo upesi.) Hata hivyo kila aliyeingia aliondoka na uso uleule mzima, wala mmoja hakumpunguzia mwenzake. Nargis alifariki mwaka 1981. Rita aliyemwigiza katika filamu ile hajazeeka hata siku moja, na kumkumbuka hakumgharimu mtu.

Bakuli ni kitu kimoja tu. Ili liwe sebuleni kwa huyu, sharti liwe limetoka kwa mwingine, na namna lilivyotoka si jambo dogo. Baada ya Januari 12, 1964, watu waliuawa, wengine wakakimbia, na nyumba nyingi zikataifishwa. Vyombo vilibaki zidakani, vikachukuliwa, au vikauzwa kwa bei ya mtu aliye njiani kuondoka. Anayefurahia leo ufa mwembamba ukingoni mwa bakuli huenda anafurahia alama ya siku ile.

Wala kisa hakianzii hapo, na hili ndilo gumu kulisema katika sebule za Maskati. Bakuli la karne ya 19 lilinunuliwa kwa fedha ya zama za karafuu, na karafuu zilichumwa na watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Chombo kimoja, basi, kina wenye huzuni wa aina mbili: waliokikimbia, na waliokitolea jasho bila kukigusa ila kwa kukiosha. Hamu ya kale huchagua kundi moja na kulilia hilo tu.

Itasemwa kwamba kauri haina dhambi, na kwamba mjukuu hahukumiwi kwa ya babu. Ni kweli. Bakuli lisiponunuliwa litavunjika ghalani, na hakuna atakayefidiwa kwa vigae. Lakini fikihi ina neno kuhusu kitu cha kuokota: aliyekiokota hutakiwa akitangaze mwaka mzima kabla ya kukistarehea. Cha dukani si cha kuokota, na mnunuzi amelipa; sharti la kutangaza halimbani kisheria. Linambana kwa maana nyingine, kwa sababu anachokistarehea si kauri bali kisa chake, na kisa hicho hakukilipia. Kukitangaza ni kukisema chote mbele ya wageni, wakiwamo wale ambao nusu yake itawaudhi.

Mara nyingi haiwi hivyo. Kahawa huletwa, mgeni hulisifu bakuli, mwenyeji huligeuza kuonyesha muhuri. Limetoka wapi? Unguja, husema. Kwa nani? Hapo mwenyeji hulirudisha mahali pake, akainua macho kwenye picha, na mazungumzo huhamia kwa Nargis.