Je, Yafaa Mwenye Ilimu Kuificha?

Sisi tumelelewa katika kujua kwamba kuficha ilimu ni dhambi. Mwenye kuulizwa jambo alijualo akalinyamazia amemdhulumu muulizaji, na ameidhulumu ilimu yenyewe. Hilo halina mjadala baina yetu. Lakini je, ikiwa muulizaji ni dhalimu, na alitakalo ni silaha? Hapo pia yatupasa kusema? Swali hili si la kubuni; lilimfika mtu, na kisa chake kina mafunzo.

Mtu huyo ni Jean Leray, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1906. Kazi yake ilikuwa hisabati, na hasa milinganyo ya mabadiliko, yaani ile ielezayo namna vitu vibadilikavyo: joto lieneavyo katika chuma, maji yapitavyo mtoni, hewa izungukavyo bawa la ndege. Katika hesabu tuliyofunzwa skuli kinachotafutwa ni namba moja. Katika milinganyo hii kinachotafutwa ni mwendo mzima, kila mahali na kila wakati.

Jambo hili lilikuwa zito, mpaka wanazuoni walipoleta fikira mpya: kila mwendo mzima uhesabiwe kuwa nukta moja tu katika uwanja wenye pande zisizo na idadi. Stefan Banach wa Lwów, mji uliokuwa wa Poland zamani hizo na leo uko Ukraine, alitoa kitabu mwaka 1932 kilichoiweka ilimu hiyo juu ya misingi imara. Juliusz Schauder, Myahudi wa mji huo huo, akaonyesha faida yake. Chukua mwendo wowote wa kukisia, utie mahali penye ugumu, nao mlinganyo utakuwa mwepesi. Kisha tafuta jawabu lake. Jawabu hilo ni nukta nyingine ya uwanja. Ikithibitika kuwa iko nukta ambayo ukianza nayo warudishiwa iyo hiyo, basi hiyo ndiyo jawabu la mlinganyo mgumu wa asili. Mwaka 1934 Leray na Schauder walitoa pamoja makala iliyoitanua njia hii. Na mwaka huo huo Leray alitoa kazi yake maarufu juu ya mwendo wa maji.

Kisha vikaja vita. Mwezi wa Juni 1940 Leray, aliyekuwa afisa wa jeshi, alitekwa na Wajerumani, akafungwa katika kambi ya Edelbach, Austria, muda wa karibu miaka mitano. Alijua vyema kwamba ujuzi wa mwendo wa hewa na maji una kazi kubwa vitani, na kwamba waliomfunga wakimjua watamtumikisha. Basi akauficha. Akajitambulisha kuwa mtu wa topolojia, ilimu ya maumbo isiyojali vipimo, ambayo haikuwa na faida kwa mwenye kuunda ndege za vita. Wala hakukaa bure: wafungwa waliunda chuo chao kambini, yeye akawa mkuu wake, akasomesha, na aliyoyavumbua humo yangali yakitumika katika hisabati hata leo.

Na Schauder je? Wajerumani waliingia Lwów mwaka 1941. Alipeleka barua Uswisi kuomba msaada, akieleza kwamba anayo mambo mengi mapya aliyoyagundua, lakini hana karatasi ya kuyaandikia. Mwaka 1943 akauawa. Basi tazama, ndugu msomaji: mmoja alikuwa na ilimu akaificha kwa hiari yake; mwenzake alikuwa nayo akanyimwa hata karatasi. Na aliyewafikisha hapo wote wawili ni dhalimu mmoja. Nani atasema kwamba Leray alikuwa na deni la kumjibu huyo?

Huenda mtu akateta kwamba mlango huu ukifunguliwa kila bahili atapita, adai kuwa anailinda ilimu na watu wabaya. Ni hoja ya haki. Lakini mwenye kulinda ana alama zake. Kwanza, uovu wa muulizaji uko wazi, si dhana tu. Pili, hasara ya kuficha yamwangukia mfichaji mwenyewe: Leray aliacha kazi iliyompa sifa, akashika nyingine. Tatu, amfichapo dhalimu haachi kuwafundisha wengine. Ilimu ni amana, na amana haikabidhiwi kila aliyenyosha mkono. Wala haizuiliwi kwa mwenyewe.

Sasa tujipime. Fundi amfichaye mwanafunzi siri ya kazi ili aje amuombe tena, na msomi asemaye kwa maneno mazito ili asifahamike akaendelea kutukuzwa, wamefungiwa kambi gani? Ni dhalimu gani aliyewauliza? Aliyeko mbele yao ni kijana mwenye kiu, na hasara ya kunyamaza kwao yamwangukia yeye. Hawana udhuru wa Leray hata mmoja katika ile mitatu. Basi kabla ya kunyamaza, na ajiulize kila mmoja wetu: ni nani nimnyimaye, na ni nani alipaye gharama? Nafsi ikijibu kwa kweli, hukumu itajulikana.