Mwembe wa Babu na Amana ya Ardhi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, najiusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu. Naanza na nafsi yangu kwa sababu katika jambo hili mimi ni mwenye deni.

Marehemu babu yangu alipanda mwembe nyumbani kwetu Koboko. Watoto wa jirani waliokota maembe, ndege walikula, na wazee waliosubiri Alasiri walikaa kivulini. Nilipopata nafasi ya kusoma hapa Arua, karo haikutosha. Tukauuza mwembe ule kwa mchoma makaa, na siku ile nilifurahi. Baadaye, katika darsa, nikasikia Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, inayofundisha kwamba Mwislamu akipanda mti, anachokula humo mtu, ndege au mnyama huwa ni sadaka yake. Nikainamisha kichwa. Babu yuko kaburini, nasi tumeikata sadaka yake.

Simlaumu mwenye dhiki. Lakini tunaosafiri kati ya Arua na Koboko tunayaona magunia ya makaa kando ya barabara. Mwaka 2023 Rais alipiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa Uganda. Amri hiyo haiwezi kuingia katika kila jiko. Mnunuzi ni mimi na wewe. Sura ar-Rum, aya ya 41, inatueleza kuwa uharibifu wa nchi kavu na bahari umetokana na matendo ya mikono ya watu. Basi tuanze na mikono yetu.

Kwanza, jiko. Loweka maharage usiku kucha, yataiva upesi. Wanne wapike sufuria moja badala ya kuwasha majiko manne. Chakula kikiiva, zima makaa yaliyobaki, yatafaa kesho.

Pili, maji. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita. Sisi tunafungua bomba, tunasimuliana habari za mpira, na maji yanamwagika. Maji hayo hutoka mto Enyau, na kiangazi majirani zetu hupanga foleni na majerikeni. Tumia birika, utaona jinsi maji kidogo yanavyotosha.

Tatu, kaveera. Nenda sokoni na mfuko wako wa kitambaa au kikapu. Kaveera ikitupwa huziba mitaro, na ikichomwa moshi wake humdhuru jirani. Kuondoa kero njiani ni tawi la imani. Vipi basi Mwislamu awe ndiye anayeiweka hiyo kero?

Nne, mti. Tumefundishwa kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Likizo iliyopita nilipanda miche miwili ya maembe karibu na kisiki cha babu. Nyanya anaimwagilia maji aliyooshea vyombo. Wiki iliyopita alinipigia simu: mmoja umeliwa na mbuzi. Kwa Hadithi ile ile natarajia hata huo ni sadaka, lakini likizo hii nitapanda mwingine na kuuzungushia miiba.

Ndugu yangu, dada yangu, usingoje mradi wala wafadhili. Likizo hii rudi nyumbani na mche mmoja, na umwombe mtu aliyebaki nyumbani akutunzie.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulichokiharibu, tuwezeshe kutengeneza, na uwarehemu wazee wetu waliotupandia vivuli tusivyovitolea jasho. Amin.

Wabillahi tawfiq.