Rangi za Mafuta Juu ya Majivu

Mchoraji John Piper alipofika Coventry, Uingereza, Novemba 1940, kifusi kilikuwa bado kinafuka moshi. Usiku wa tarehe 14 ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo kwa zaidi ya saa kumi. Watu zaidi ya 500 walikufa, nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibiwa kabisa, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Mikaeli likabaki mnara na kuta bila paa. Kiongozi wake, Richard Howard, na wenzake watatu walipambana na mabomu ya moto mpaka maji ya mji yakakatika.

Piper alitumwa na kamati ya serikali ya wasanii wa vita. Lakini watu walikuwa wakifukua maiti, naye akaona haya kutoa daftari mbele yao. Jirani na kanisa palikuwa na ofisi ya mawakili iliyosalimika, na dirishani binti mmoja alikuwa akipiga taipu. Piper akamwomba nafasi; binti akasogea, naye akachorea pale.

Haya ile ina uzito kuliko inavyoonekana. Je, ni halali msiba wa mtu kugeuzwa kitu cha kupendeza macho?

Wapo wasemao si halali, na hoja yao si ya kupuuzwa: mwenye kuunguliwa hana haja ya kuambiwa kwamba majivu yake yana rangi nzuri. Hata hivyo, Kitabu cha Ayubu kina jibu. Marafiki wa Ayubu walipomjia baada ya watoto wake kufa, walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, kimya. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa kueleza kwa nini Mungu aliyaruhusu yale. Ndani ya picha ya Piper, ‘Interior of Coventry Cathedral, 15 November 1940’, hakuna maelezo ya namna hiyo. Hakuna adui wala malaika. Kuna kuta, madirisha yasiyo na vioo na mahali palipokuwa na paa. Mtazamaji anaachwa akae na hasara, asiipe sababu. Kwa hiyo picha hii ni halali, tena ni tendo la ibada.

Linabaki lalamiko moja la haki. Nyumba ya Mungu ilipata mchoraji. Sebule nyingi za Coventry, zenye vitanda na masufuria yaliyoungua, hazikumpata, na waliolala humo hawakuwa na thamani ndogo kuliko mawe ya kanisa.

Kanisa jipya, kazi ya msanifu Basil Spence, liliwekwa wakfu mwaka 1962, na dirisha kubwa la ubatizo alilibuni Piper mwenyewe. Spence hakuyabomoa magofu. Aliyaacha wazi, bila paa, ubavuni mwa jengo lake. Alifanya vyema. Ayubu naye alijaliwa watoto wengine kumi, lakini hakuna mahali kitabu chake kinaposema kwamba wale kumi wa kwanza walirudi.