Matayarisho ya Harusi na Neno Lililo Sawa



Posa ikishakubaliwa na siku ya ndoa ikishawekwa, nyumba mbili huingia katika shughuli kubwa. Katika miji ya mwambao, bibi arusi huwekwa ndani, akasingwa kwa singo yenye harufu nzuri, akapakwa hina, na somo wake akamfunza mambo ya unyumba. Wazee nao hukaa kitako wakazungumza juu ya mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama. Katika miji mingi ya Tanzania, jamaa na marafiki huunda kamati yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hukutana mara kwa mara, hugawa kadi za michango, na siku hizi hukumbushana ahadi zao kwa ujumbe wa simu. Kisha hufuata kicheni pati na sherehe ya kumuaga bibi arusi.

Je, dini yasemaje juu ya mambo haya? Swali hili lina uzito hasa kwa ndugu aliyeingia katika Uislamu akiwa mtu mzima, ambaye wazazi wake, wajomba zake na mashangazi zake wamebaki katika dini yao. Je, awakimbie jamaa zake siku za furaha yake? Au akubali kila wanaloliamuru ili asivunje undugu?

Jibu twalipata katika mwenendo wa Mtume Mtukufu Muhammad s.a.w. Ilipokuwa arusi ya Bibi Rubayyi binti Muawwidh r.a. huko Madina, Mtume s.a.w. alifika akaketi nyumbani kwake. Wasichana walikuwa wakipiga matari na kuwaimbia mashujaa wao waliouawa katika vita vya Badr. Hakuwafukuza wala hakuyavunja matari yao. Lakini mmoja wao alipotia katika wimbo maneno ya kwamba Mtume ajua yatakayotokea kesho, alimzuia mara moja, akamwambia aliache neno hilo na aendelee na yale aliyokuwa akiyaimba kwanza.

Tazama hekima iliyomo. Neno moja lililomshirikisha mwanadamu katika elimu ya Mwenyezi Mungu liliondolewa, lakini furaha iliachwa. Basi hiyo ndiyo mizani. Singo, hina, mapishi ya pamoja, nyimbo zenye adabu na mashauri ya wazee ni mambo mema, na jamaa wa dini nyingine wana haki ya kualikwa na kuheshimiwa. Lakini kumwendea mpiga ramli atazame nyota za wachumba na kuchagua siku yenye bahati, hilo haliafikiani na imani ya Mungu Mmoja. Waarabu wa zamani waliogopa kuoana katika mwezi wa Shawwal, ambao kwetu huitwa Mfunguo Mosi. Mtume s.a.w. alimwoa Bibi Aisha r.a. katika mwezi huo huo, naye Bibi Aisha alikuwa akiitaja ndoa yake kuwa hoja dhidi ya hofu hiyo.

Sasa twende kwenye jambo lililo kubwa zaidi. Katika hotuba ya nikaha husomwa Aya za Kurani Tukufu kutoka Sura An-Nisaa, Aali Imran na Al-Ahzab. Mtu angetazamia kwamba Aya hizo zingezungumza juu ya mapambo au karamu. Sivyo. Zote zaamuru ucha Mungu, na ile ya Al-Ahzab yawataka waaminio waseme neno lililo sawa, yaani neno lisilopinda wala kuficha kitu. Kwa nini neno hili lisomwe mbele ya watu wanaooana? Kwa sababu ndoa hujengwa juu ya yale ambayo kila upande umeuambia upande wa pili. Neno likiwa limepinda, nyumba nayo itapinda.

Lakini hotuba husomwa kwa dakika chache tu, siku ya mwisho. Neno lililo sawa lapasa kusemwa kabla yake, katika siku zile za vikao. Je, kijana amewaeleza wakwe zake kazi yake na pato lake kama vilivyo? Je, ana mke mwingine, au mtoto, au maradhi ambayo mwenzake ana haki ya kuyajua? Je, binti naye amesema yaliyo kweli juu yake? Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huwataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla ya ndoa, ili mwenye kujua kizuizi apate nafasi ya kusema. Ni ajabu kwamba siku hizo huzitumia watu kuchagua rangi ya sare, na lile neno ambalo lingeiokoa nyumba likabaki halijasemwa.

Neno la kwanza lipasalo kusikiwa ni la binti mwenyewe. Bibi Khansaa binti Khidhaam r.a. aliozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka. Alikwenda kwa Mtume s.a.w. akashtaki, naye akaibatilisha ndoa ile. Basi mzazi asitosheke kuona binti yake amenyamaza huku vyombo vimekwisha nunuliwa na wageni wamo njiani. Amwulize mapema, mahali pa faragha, wakati ambapo neno “la” bado laweza kusemwa bila ya kuogopa aibu ya watu. Sheria tuliyoitaja nayo yataka ndoa iwe kwa hiari ya wote wawili.

La pili ni mahari. Katika Sura An-Nisaa Mwenyezi Mungu ameamuru wanawake wapewe mahari yao kwa moyo mwema. Mahari si bei ya mtu, wala si malipo ya wazazi kwa ulezi wao. Ni mali ya bibi arusi mwenyewe. Kilemba na mkaja ni zawadi za desturi, nazo hazina ubaya zikitolewa kwa hiari. Lakini zikikua hata zikaimeza mahari, au zikamfanya kijana mwema akate tamaa ya kuoa, hapo desturi imesimama mahali pa amri. Hadhrat Ali r.a. alipomwoa Bibi Fatima r.a., alitoa deraya yake ya vitani kuwa mahari. Na vitu alivyoingia navyo nyumbani binti wa Mtume vilikuwa kama mto wa ngozi uliojazwa nyuzi za mtende, mawe ya kusagia, kiriba na mitungi ya maji.

La tatu ni gharama. Kuchangiana ni msaada mwema, na ni urithi mzuri wa watu wetu. Lakini chukua mfano wa kijana ambaye kamati yake imepanga ukumbi na chakula kwa kutegemea ahadi zilizoandikwa katika kadi. Nusu ya ahadi hazikutimizwa. Akaona aibu kupunguza wageni, akakopa. Wageni walikula, wakasifu, wakaenda zao; naye akamwingiza mkewe katika nyumba yenye deni ambalo hajamwambia. Huyu ameianza ndoa yake kwa neno lililofichwa. Mtume s.a.w., alipoletewa jeneza ili alisalie, aliuliza kwanza kama marehemu ameacha deni. Ikiwa deni lina uzito huo, yafaaje kulichukua kwa ajili ya sifa za usiku mmoja?

Wala karamu haihitaji mali nyingi. Mtume s.a.w. alipotoka Khaybar katika mwaka wa 7 wa Hijra, alifanya walima ya ndoa yake na Bibi Safiyya r.a. safarini. Hapakuwa na mkate wala nyama. Watu walikula tende, jibini kavu na samli. Naye alikitaja kuwa kibaya chakula cha walima ambayo matajiri huitwa na maskini huachwa. Kwa hiyo, kamati inapoandika majina ya wageni, na litafutwe pia jina la yule jirani asiyeweza kununua kadi.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna harusi inayokaribia, usiwazuie akina mama kuimba wala wasichana kupaka hina. Lakini kabla vikao havijakwisha, waite wachumba wawili na wazazi wao, kila mmoja aseme yampasayo kusema: hiari ya binti, mahari ilivyo, pato na madeni ya kijana. Na likipatikana la kuwafanya waahirishe, waahirishe bila ya hofu, maana ni heri aibu ya siku moja mbele ya wageni kuliko majuto ya miaka ndani ya nyumba.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zenye ucha Mungu na neno lililo sawa. Amin.