Usinunue Taa na Vitufe

Wajukuu zangu, ninyi mnaoimba kwaya Runyenjes na ninyi mnaopiga gitaa vyumbani pale Makutano, Meru, nisikilizeni kabla hamjapanda matatu kwenda kununua kadi ya sauti barabara ya Luthuli kule Nairobi na pesa za majani chai mfukoni.

Dukani mtaonyeshwa kwanza kisanduku kiitwacho V8. Kina taa za rangi, kitufe cha kicheko, kitufe cha makofi, na kando yake maiki ya BM-800. Bei nayo inashawishi. Kiliundwa kwa wanaozungumza mubashara mitandaoni kwa simu, na kwa kazi hiyo sikilaumu. Lakini rekodi wimbo nacho, kisha usikilize pale mwimbaji anaponyamaza kuvuta pumzi: utasikia mvumo. Maiki za kondensa za studio hutaka volti 48 zipitie waya uleule wa pini tatu unaobeba sauti, na kisanduku hicho hakitoi volti hizo.

Anayetaka kusikiliza muziki tu asijisumbue sana. Sound Blaster ya kampuni ya Creative ya Singapore ilipotoka mwaka wa 1989, kompyuta nyingi hazikujua zaidi ya kulia pii. Siku hizi kadi ya sauti imo ndani ya mashine yenyewe na inatosha. Pesa weka kwenye hedifoni nzuri. Ila ukisikia mkwaruzo kila usogezapo kipanya, hapo nunua kadi ya nje ya USB, kwa sababu inatoa sauti mbali na kelele za umeme zilizo ndani ya kompyuta.

Wa kurekodi ndiye mwenye kazi. Muuzaji atakusifia 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde. Mwache asifu. Sidii huchukua 44,100 tu, kwa biti 16. Wewe rekodi kwa 48,000, lakini biti ziwe 24, maana zinakuruhusu kuacha sauti chini bila kuzoa mvumo, na mama wa kwaya akipandisha ghafla, rekodi haipasuki. Saa moja ya stirio hula takriban gigabaiti moja. Kwa hiyo soma boksi vizuri: Behringer UMC22 ni ya biti 16, UMC202HD na Focusrite Scarlett 2i2 ni za biti 24, zina matundu mawili ya maiki na volti 48. Matundu mawili yanamtosha mtu wa nyumbani. Moja la sauti, moja la gitaa.

Au moja la ngoma. Anayetaka kurekodi ngoma za Wachuka, zile ndefu ambazo mpigaji huzibana mapajani, asitafute maiki nyepesi ya kondensa. Achukue maiki ya dainamiki isiyohitaji volti 48, aiweke umbali wa mkono mmoja, apunguze kitufe cha geini, kisha ampe mpigaji nafasi apige kwa nguvu zake zote kabla ya kuanza.

Mwimbaji akilalamika kwamba anajisikia amechelewa kwenye hedifoni, hajaharibikiwa masikio. Sauti inaingia kwenye kompyuta ndipo irudi. Kadi nzuri ina swichi ya kumsikilizisha moja kwa moja, bila kupitia mashine. Ulizia hiyo swichi. Ina faida kuliko makofi.

Stima nayo. Mabwawa ya Kamburu na Gitaru yako hapa kwetu kwenye Mto Tana, lakini ujirani huo hauzuii mvumo wa mizunguko 50 kwa sekunde. Mara nyingi chanzo ni ekstensheni isiyo na waya wa ardhi. Chomoa chaja, urekodi kwa betri, usikie tofauti. Na Aprili, mvua ikigonga mabati, hakuna kadi ya bei yoyote itakayokuokoa. Panga kazi yako asubuhi.

Ukishanunua, usianze na wimbo wako. Anza na zile kaseti za harusi na kwaya zilizo kwenye sanduku. Peleka kanda mbele hadi mwisho, uirudishe, ndipo uicheze. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti. Toa waya kwenye tundu la hedifoni la redio, uingize kwenye matundu mawili ya kadi, swichi ikiwa upande wa laini, si wa gitaa. Kilele kisipite desibeli 12 chini ya sifuri. Weka nakala mbili, moja kwa jirani. Sauti za waimbaji wakianza kusikika niiteni, niwatajie nani ni nani.