Msimcheke Mtoto Aulizaye



Twasoma katika Luka 2:46 ya kwamba Bwana Yesu, alipokuwa na umri wa miaka 12, alionekana hekaluni kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Hatusomi ya kuwa waalimu wale walimnyamazisha. Basi sisi tufundishao, mtoto akituuliza, twafanyaje?

Mwaka 1963, katika shule ya Magamba, Tanganyika, kijana Erasto Mpemba alitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa haraka akatia maziwa yake jokofuni yangali ya moto. Nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Akamwuliza mwalimu sababu, akaambiwa ya kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine akamdhihaki. Hata Daktari Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipoizuru shule ile, kijana akauliza tena, na wenzake wakamcheka. Lakini mgeni hakucheka. Aliahidi kulijaribu jambo lile, akalijaribu. Na mwaka 1969 habari yake ikachapwa kwa majina ya wote wawili. Wataalamu wangali wanabishana juu yake hata leo. Swali la kijana mmoja limewapa kazi wengi.

Ndugu, na tuungame. Mara nyingi twamkemea mtoto, si kwa kuwa swali lake ni baya, bali kwa kuwa hatulijui jibu, nasi twaona haya. Walakini Mungu aliwaambia Waisraeli mapema ya kwamba watoto wao watauliza maana ya Pasaka, nao wawajibu (Kutoka 12:26-27). Na Katekismo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, huuliza maana ya kila amri. Je, itakuwaje tuwakaririshe watoto maswali ya kitabu, na maswali ya mioyo yao tuyafukuze?

Kwa hiyo, mwalimu asiyejua na aseme, "Sijui, na tutafute pamoja." Kisha asisahau, alipime jambo pamoja na watoto, asome, arudi na jibu. Hapo hapungukiwi na heshima. Kwani mtoto aliyezoezwa kunyamaza juu ya maziwa na barafu atanyamaza vivyo hivyo siku atakapoionea shaka imani yake, wala hatatujia. Atakwenda kuuliza kwingine.

Bwana atupe masikio ya kusikiliza na moyo mnyenyekevu. Amina.