Jiwe Liseme Kweli Yote

Mji usio na kumbukumbu ni kama mtu asiyejua jina la baba yake. Lakini mji unaokumbuka nusu tu ya mambo yake ni kama mtu amtajaye baba akamkana mama. Hali ya kwanza ni msiba, ya pili ni dhuluma. Nataka kuipima kauli hii kwa mji wa Pangani, mahali ambapo mto wa jina hilo, utokao katika maji ya Kilimanjaro na Meru, humaliza safari yake baharini.

Mgeni apitaye Pangani huona kuta nene za mawe, milango ya nakshi na boma la watawala wa zamani. Vitu hivi ni bubu. Kwa sababu hiyo watu huandika vibao na kusimamisha mawe ya ukumbusho, ili kilicho bubu kipate ulimi. Swali ni hili: ulimi huo umseme nani, na umnyamazie nani?

Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipandisha bendera yake Pangani na kutaka kuutwaa utawala wa mji. Watu walikataa. Abushiri bin Salim akawa kiongozi wa vita vilivyoenea Mrima. Hermann von Wissmann alitumwa kuvizima, naye alikuja na askari ambao wengi wao walikuwa Waafrika waliokodiwa Misri na Msumbiji. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Mshindi alisimamishiwa sanamu Dar es Salaam mwaka 1909: Wissmann juu, askari Mwafrika chini akimtazama. Wa juu alikuwa na jina. Wa chini hakuwa nalo. Baadaye sanamu hiyo ilisimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko waliiangusha.

Kuilaumu sanamu ya mshindi ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kumpima shujaa wetu wenyewe kwa mizani ile ile. Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na mashamba ya miwa ya Pangani yalilimwa kwa jasho la watumwa. Mkono uliosukuma nira ya mgeni ulikuwa umeshika nira ya shingo nyingine. Basi tuandike nini juu ya jiwe lake?

Tukiandika kuwa alikuwa shujaa, tukakoma hapo, mjukuu wa mtumwa atasoma, na moyo wake utajua kuwa babu yake amezikwa mara ya pili. Tukiandika kuwa alikuwa bwana wa watumwa, tukakoma hapo, twarudia maneno ya waliomnyonga. Hao walijifunika joho la kukomesha biashara ya watumwa hali wakitafuta ardhi na ushuru. Na utumwa wenyewe haukufutwa kwa sheria Tanganyika mpaka mwaka 1922, Wajerumani walipokuwa wamekwisha kuondoka.

Wako wasemao kuwa adabu kwa wafu ni kuzifunika aibu zao. Neno hili lina wema ndani yake, ila wema huo humfaa mfu mmoja na kuwadhulumu mia. Tena, mficha maradhi kifo humuumbua: heshima iliyojengwa juu ya kimya huporomoka siku mtoto wa kwanza anapouliza swali. Ushujaa wa kweli haupunguzwi na ukweli. Abushiri alithubutu kuukataa utawala wa mabavu; jambo hilo litabaki kubwa hata likiandikwa kando ya dhambi yake.

Wengine watasema kuwa jiwe ni dogo, halina nafasi ya yote. Jiwe ni dogo kweli, lakini si dogo kiasi cha kukosa mistari mitatu. Wa kwanza umtaje aliyekataa kutawaliwa. Wa pili uwataje waliomwua, na sababu yao. Wa tatu uwe wa wale waliokata miwa na ambao hakuna aliyejali kuandika majina yao. Kama nafasi haitoshi, na uandikwe kwanza huo wa tatu. Maana wawili wa mwanzo wamekwisha kupata watu wa kuwasemea, na hao wa mwisho wangali wakingoja.